Amri, Sauti za Herufi, Kadi au Tafsiri? Ulinganisho wa Njia za Kumwanzishia Mtoto Kiingereza

Mwalimu anayepangiwa darasa la kwanza katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili hukabiliwa na swali ambalo kitabu cha kiada hakimjibu waziwazi: aanzie wapi? Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za Serikali nchini Tanzania, na Kiingereza ni somo. Kwa mtaala wa mwaka 2015 somo hilo lilianza darasa la tatu, baada ya mtoto kupitia miaka miwili ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umelishusha hadi darasa la kwanza. Maana yake ni kwamba mtoto yuleyule ambaye bado anahangaika kuunganisha m na a ili apate ma, anakutana na lugha inayotumia herufi hizohizo kwa sauti nyingine. Zamani mwalimu wa madarasa ya chini aliweza kuliacha jambo hili kwa mwenzake wa darasa la tatu. Sasa ni lake yeye, tena tangu muhula wa kwanza.

Katika madarasa niliyofundisha, na yale ambayo nimeketi nyuma kuwatazama wenzangu wakifundisha, nimeona njia nne zikitumika zaidi. Walimu huzichanganya, na hakuna ubaya katika hilo, lakini kila mwalimu ana moja anayoiegemea, na ile anayoiegemea ndiyo inayoamua mtoto atafika darasa la tatu akiwa na nini. Nitazilinganisha nikimfikiria mtoto ambaye hasikii Kiingereza nyumbani wala mtaani, kwa sababu huyo ndiye mtoto tuliye naye wengi wetu. Wapo hata ambao Kiswahili chenyewe wamekikuta shuleni, baada ya kulelewa kwa Kisukuma au Kimaasai, na kwao Kiingereza ni lugha ya tatu kabla hawajatimiza miaka minane.

Njia iliyozoeleka kuliko zote ni ya tafsiri na kuitikia kwa pamoja. Mwalimu anasema "cat", darasa linaitikia "paka". Anasema "door", darasa linaitikia "mlango". Njia hii haihitaji zana yoyote, inawezekana katika darasa la watoto mia moja, na mwalimu ana hakika kwamba maana imefika. Mimi si miongoni mwa wanaotaka Kiswahili kipigwe marufuku katika kipindi cha Kiingereza. Neno kama "because" au "yesterday" likielezwa kwa Kiswahili linaeleweka papo hapo, ilhali mwalimu anayelionyesha kwa vitendo anaweza kumaliza nusu ya kipindi na bado watoto wakabaki kubahatisha. Kasoro inakuja pale tafsiri inapogeuka kuwa ndiyo somo lenyewe, kwa sababu sauti ya darasa zima humficha mtoto asiyejua, na yule anayejua huzoea kuitikia mlio wa swali pasipo kulisikiliza swali. Nilikuwapo siku ambayo mthibiti ubora wa shule aliingia darasa la tatu katika shule moja na kuuliza, "What is your name?" Darasa zima likajibu kwa pamoja na kwa nidhamu, "We are fine, thank you, teacher." Watoto wale hawakuwa wazembe. Walikuwa wamefundishwa, na wakafundishika, kwamba mgeni akiingia na kusema jambo kwa Kiingereza, jibu ni hilo.

Njia ya pili ni ya kadi, yaani kumfundisha mtoto alitambue neno zima kwa umbo lake kabla ya kuzijua herufi zinazoliunda. Mwalimu hukata karatasi za manila, akachora picha upande mmoja na kuandika neno upande wa pili kwa maka peni. Njia hii ilitawala shule nyingi za Uingereza na Marekani katikati ya karne ya 20, na sababu ya kupendwa kwake bado ipo, kwani matunda yake huonekana haraka: baada ya majuma machache mtoto "anasoma" maneno ishirini, na mzazi anayesikia hayo hufurahi. Lakini neno la ishirini na moja linamkuta pale pale alipokuwa na la kwanza. Hana ufunguo wa kulifungulia neno ambalo hajaonyeshwa, na kumbukumbu yake ina kikomo.

Kwa mtoto anayesoma Kiswahili kuna kikwazo kingine, ambacho mtoto wa Uingereza hakijui. Maneno mengi mafupi ya Kiingereza yameandikwa kama maneno ya Kiswahili. Mtoto akionyeshwa "wake", "pole", "mate" na "pale", macho yake yanasoma maneno manne anayoyajua tangu utotoni, na kila moja lina maana kamili. Akikutana na "come" anasoma kome. Kadi haimpi sababu yoyote ya kwa nini "wake" ya kipindi hiki isisomeke kama wake ya kipindi kilichopita. Inamtaka akubali tu.

Hata hivyo kadi zina mahali ambapo hakuna njia nyingine inayoweza kuzichukulia nafasi. Maneno kama "the", "one", "said", "was" na "you" hayasomeki kwa kanuni ambayo mtoto wa darasa la pili anaweza kuitumia, na ndiyo yanayojaa katika kila ukurasa. Mwaka 1936 Mmarekani Edward Dolch alikusanya orodha ya maneno 220 ya aina hiyo, yanayorudiarudia katika vitabu vya watoto. Darasa letu halihitaji yote 220. Thelathini yaliyochaguliwa vizuri na kubandikwa ukutani mwaka mzima yanatosha kumwanzisha mtoto.

Njia ya tatu ndiyo inayozungumzwa sana siku hizi, na ndiyo shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza hupenda kuitaja katika matangazo yao: kufundisha sauti za herufi. Mtoto hajifunzi jina la herufi kwanza, bali mlio wake, kisha anaiunganisha milio hiyo kuwa neno. Mpango wa Jolly Phonics uliobuniwa Uingereza, ambao ndio mashuhuri zaidi, unagawa sauti 42 katika makundi saba, na kundi la kwanza ni s, a, t, i, p, n, kwa kuwa herufi hizo sita zinatosha kuunda "sit", "pin", "tap", "ant" na mengine mengi. Ushahidi wa kuiunga mkono ni mzito. Ripoti ya jopo la kitaifa la usomaji nchini Marekani ya mwaka 2000 iliitetea, na nchini England kila mtoto wa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi hupimwa kwa njia hii tangu mwaka 2012.

Kipimo hicho cha England, hata hivyo, kinafundisha jambo ambalo wanaoiuza njia hii kwetu hawalisemi. Kina maneno 40, na nusu yake si maneno bali ni milio iliyotungwa isiyo na maana yoyote, ili ionekane kama mtoto anaweza kuunganisha sauti bila kutegemea kumbukumbu. Mtoto wa London akiunganisha c, a na t anafika kwenye neno ambalo amelisikia mara elfu. Uso wake unang'aa kwa sababu amemkuta paka wake wa nyumbani ndani ya herufi. Mtoto wa Mpwapwa akiziunganisha herufi hizo hizo kwa usahihi uleule anapata mlio usiomwambia chochote. Kwake yeye maneno yote 40 ni ya nusu ile isiyo na maana. Njia ya sauti ilitengenezwa kwa ajili ya mtoto ambaye masikio yake tayari yamejaa lugha, na inamsaidia tu kuyatambua kwenye karatasi maneno aliyo nayo kichwani. Ikipelekwa kwa mtoto ambaye masikio yake ni matupu, atasoma kwa sauti nzuri pasipo kuelewa, na nimewasikia watoto wa namna hiyo wakisoma ukurasa mzima bila kosa na kushindwa kuonyesha kwa kidole yule paka waliyemsoma.

Zaidi ya hapo, kuna mgongano kati ya njia hii na jinsi tunavyofundisha kusoma Kiswahili. Kiswahili tunakifundisha kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, na mtoto aliyezoea hivyo huiongeza irabu bila kujua. Nilipowaandikia watoto wangu wa darasa la pili maneno matatu yaliyozoeleka katika vitabu vya sauti, "cat", "bat" na "hat", walisoma kwa ufasaha mkubwa: kati, bati, hati. Walikuwa wamesoma maneno matatu ya Kiswahili sanifu. Kosa hilo mara nyingi huanzia kwa sisi walimu, tunaotamka t kama ta au ti tunapofundisha, badala ya kuiacha ikatike mdomoni. Mwalimu anayetaka kutumia njia hii hana budi kujisikiliza kwanza, na anayeona ulimi wake haujazoea anaweza kuzipakua sauti kwenye simu na kuzicheza darasani kwa spika ndogo. Hilo si aibu kwa mwalimu yeyote.

Pamoja na hayo, mtoto ambaye tayari anasoma Kiswahili ana hazina ambayo mpango uliotoka nje haukuihesabu. Kiingereza kina sauti takriban 44, na kati ya hizo konsonanti ni 24. Ukizipitia moja moja utaona kwamba karibu zote zimo katika Kiswahili sanifu. Sauti ya mwisho ya "sing" ni ile ng' ya ng'ombe. Sauti mbili zinazowatoa jasho wanafunzi wa mataifa mengi, ile ya "think" na ile ya "this", sisi tunazo katika thamani na dhahabu, na mtoto wa Tanga au Unguja huzitamka bila kufundishwa, ingawa wenzake wengi wa bara husema samani na zahabu na hivyo watahitaji kusaidiwa. Isiyokuwapo kabisa ni moja tu, ile ya katikati ya "measure", nayo mtoto mdogo haihitaji. Kwa hiyo mwalimu wa shule ya Kiswahili hana haja ya kuzipitia sauti zote 42 kwa mpangilio wa kigeni kana kwamba mtoto hajui kusoma. Afundishe palipo na tofauti tu: irabu, ambazo Kiswahili kina tano na Kiingereza kinakaribia ishirini, tofauti ya "ship" na "sheep", ya "cat" na "cut", herufi c, q na x, konsonanti inayofunga neno, na ile e ya mwisho isiyotamkwa, ambayo ndiyo inayolitenga "wake" la Kiingereza na wake la Kiswahili. Hapo mtoto anapata kwa kanuni kile ambacho kadi zilishindwa kumpa.

Njia ya nne ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwa mwanzo, na ndiyo inayotumika kwa uchache zaidi, pengine kwa sababu ikitazamwa kutoka dirishani haifanani na somo. Katika miaka ya 1960 James Asher, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza jambo ambalo kila mama analijua: mtoto huielewa lugha kwa mwili wake muda mrefu kabla ya kuisema. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiambiwa "lete kikombe", "mpe dada", "njoo ukae hapa", anafanya yote, na bado maneno yake mwenyewe hayazidi machache. Asher akapendekeza lugha ya kigeni ifundishwe hivyo hivyo, mwalimu akitoa amri na mwanafunzi akizitekeleza, bila kulazimishwa kusema mpaka atakapokuwa tayari.

Darasani huanza na mambo madogo. Mwalimu anasema "Stand up" na yeye mwenyewe anasimama. Anasema "Sit down" na anakaa. Watoto wanamfuata kwa urahisi, maana michezo ya kusimama na kukaa wanaijua tangu darasa la awali. Baada ya siku chache mwalimu anaacha kuonyesha na kubaki na sauti peke yake. Kisha zinaingia "Touch the door", "Pick up the stone", "Put the stone on the book", "Put the stone under the book". Zana ni mawe, vizibo vya soda, majani ya mwembe ulio nje. Mtoto anayeweka jiwe juu ya kitabu wakati ameambiwa aliweke chini yake anaonekana mara moja, na anasahihishwa pasipo kuaibishwa, kwa sababu wenzake wamemwonyesha kwa vitendo. Hata tatizo letu sugu la "he" na "she", linalotokana na Kiswahili kuwa na yeye moja kwa mwanamume na mwanamke, hupata dawa hapa: ukimwambia mtoto "Give her the stone", hana budi kutafuta msichana wa kumpa. Kadi haziwezi kumfundisha hilo, na sauti za herufi pia haziwezi.

Wanaoipinga husema kwamba watoto hukaa kimya mno, na kwamba mzazi au mwalimu mkuu akipita atadhani hakuna kinachofundishwa. Ukimya upo kweli, na unahitaji uvumilivu. Nilikuwa na mtoto mmoja, msichana aliyelelewa na bibi yake, ambaye kwa miezi miwili alitekeleza kila amri na hakutamka neno hata moja la Kiingereza. Asubuhi moja kuku wa jirani aliingia darasani, kama alivyozoea. Kabla sijasema kitu, mtoto yule alisimama, akanyoosha mkono na kumwambia kuku, "Go out!" Kuku alipotoka akamgeukia mwenzake aliyekaa karibu na mlango na kumwambia, "Close the door." Hakuna aliyemfundisha kuziunganisha amri hizo mbili, na hakuzitafsiri kutoka Kiswahili. Zilimtoka kwa sababu zilihitajika wakati ule.

Kikomo cha njia hii ni kwamba amri si lugha nzima. Baada ya miezi minne au mitano mtoto anahitaji maelezo, maswali, na mambo yaliyopita, na hapo ndipo hadithi fupi na nyimbo zinapochukua nafasi, mwalimu akisimulia hadithi ambayo watoto tayari wanaijua kwa Kiswahili, ya sungura na fisi kwa mfano, ili wasipotee. Njia hii pia haimfundishi mtoto kusoma, wala haijidai kufanya hivyo.

Sasa uchaguzi wenyewe. Jambo la kwanza la kutazama ni kama mtoto anasoma Kiswahili au la. Jim Cummins, mtafiti wa Canada, ameeleza tangu mwaka 1979 jinsi ujuzi wa kusoma unaojengwa katika lugha ya kwanza unavyobebwa kwenda katika lugha ya pili, na uzoefu wangu hauna la kumpinga. Kwa mtoto wa awali, na kwa mtoto wa darasa la kwanza ambaye bado anaunganisha silabi, nachagua amri, nyimbo na hadithi peke yake, bila kumwandikia Kiingereza ubaoni. Aachwe asome kwa Kiswahili na asikilize kwa Kiingereza. Mara atakapoweza kusoma sentensi ya Kiswahili bila kukwama, kwa wengi ikiwa ni mwishoni mwa darasa la kwanza au katikati ya la pili, ndipo sauti za herufi ziingie, tena zile zenye tofauti tu, na kwa maneno ambayo tayari ameyasikia na kuyatenda: "sit", "stand", "run", "stop", "hand", "leg". Akiunganisha s, i na t atakuta neno ambalo mwili wake unalijua, naye atapata furaha ileile ya mtoto wa London.

Jambo la pili ni idadi. Darasa la msingi linatakiwa kuwa na watoto 45, na wengi wetu tunajua lilivyo hasa. Katika darasa la watoto 80, kipindi kikiwa cha dakika 30, ukitaka kila mtoto asome peke yake kwa nusu dakika utahitaji dakika 40 kabla hujafundisha chochote. Njia ya sauti, inayodai mwalimu amsikie kila mtoto, huumia sana hapo, na inabidi watoto wasomeane wawili wawili huku mwalimu akipita. Amri hazisumbuliwi na wingi kwa kiasi hicho, kwa kuwa mwalimu huwasikiliza watoto 80 kwa macho.

La tatu ni Kiingereza cha mwalimu mwenyewe, na hili tuliseme kwa heshima, maana wengi wetu tulifundishwa kwa tafsiri na kukariri. Mwalimu asiyejiamini kuzungumza anaweza kuongoza amri kwa vitenzi arobaini tu alivyovifanyia mazoezi vizuri nyumbani. Hadithi zinadai zaidi, na sauti zinadai usahihi. Nchini Kenya, mpango wa Tusome uliosambazwa nchi nzima kuanzia mwaka 2015 uliwapa walimu masomo yaliyoandaliwa hatua kwa hatua, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na hilo liliwapunguzia mzigo. Lakini ikumbukwe kwamba mtoto wa Nairobi anasikia Kiingereza kwenye matatu, yaani daladala za kwao, na dukani, hivyo sauti za herufi zinamkuta akiwa na akiba ya maneno ambayo mtoto wetu hana.

Kwa mzazi anayetaka kujua shule ya mtoto wake imechagua nini, daftari si shahidi wa kutegemewa, maana daftari lililojaa maneno yaliyonakiliwa vizuri kutoka ubaoni hupatikana chini ya njia zote nne. Amwambie mtoto jioni, bila kunyoosha kidole wala kutazama upande wowote, "Bring me the cup and close the door." Kisha asubiri aone miguu yake inaelekea wapi.